Karatasi za Mwanasheria wa Kimataifa: Mwongozo wa Kuzipanga, Kuzilinda na Kuzikabidhi

Karatasi za mwanazuoni wa sheria ya kimataifa ni rasimu, barua, daftari za mikutano, mihadhara, mashauri aliyotoa, picha, na vitabu alivyoviandikia pembezoni. Matasia, Ngong na Kitengela, ambako wahadhiri na watumishi wa serikali kadha wa kadha hujenga nyumba za kustaafia, karatasi hizo hukaa kwenye kabati la chumba cha kusomea, chini ya kitanda cha wageni, au katika stoo ya mabati nyuma ya jiko. Mwenyewe akishafariki, chumba huanza kuhitajika kwa kazi nyingine kabla hata arobaini haijapita. Mwongozo huu unahusu yanayofuata: jinsi familia isiyo na mafunzo ya uhifadhi inavyoweza kuzifikisha karatasi hizo kwenye hifadhi ya nyaraka zikiwa na thamani yake yote.

Kwa nini zisiuzwe kwa kilo

Sheria ya kimataifa hutungwa vikaoni, na vikao vingi vya maana havina kumbukumbu rasmi. Mfano wa karibu ni wa Mkenya Frank X. Njenga, ambaye baadaye alikuwa mjumbe wa Tume ya Sheria ya Kimataifa. Januari 1971, katika mkutano wa Kamati ya Ushauri wa Kisheria ya Asia na Afrika mjini Colombo, Kenya iliibua wazo kwamba nchi ya pwani iwe na haki juu ya samaki na mali nyingine za bahari hata nje ya mipaka ya maji yake. Mwaka mmoja baadaye, mjini Lagos, Njenga aliwasilisha waraka ulioeleza dhana ya eneo la kiuchumi la bahari. Juni 1972 semina ya mataifa ya Afrika mjini Yaoundé ikaiunga mkono, na Agosti Kenya ikapeleka rasimu ya vifungu mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Sakafu ya Bahari, Geneva. Leo dhana hiyo ndiyo Sehemu ya V ya Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982, na ndiyo inayoipa kila nchi ya pwani eneo la hadi maili 200 za baharini.

Rasimu ya Agosti 1972 haijapotea. Imo kwenye nyaraka za Umoja wa Mataifa kwa yeyote anayeitaka. Kilicho haba ni habari za njiani: nani alipinga, neno gani lilifutwa usiku wa kuamkia kura, nani alibadili msimamo wakati wa chai. Mambo hayo huwa kwenye daftari la mtu mmoja, na daftari hilo huwa kwenye nyumba ya mtu huyo.

Karatasi kama hizo huja kutafutwa miaka mingi baadaye. Katika kesi ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, iliyofunguliwa mwaka 2014 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague na kuamuliwa tarehe 12 Oktoba 2021, Kenya ilidai kwamba Somalia ilikuwa imeukubali mpaka kwa kunyamaza. Majaji walipekua tangazo la Rais wa Kenya la 1979, lile la 2005, sheria za bahari za Kenya za 1972 na 1989, na barua za kibalozi, kisha wakasema ushahidi wa kukubali kwa kunyamaza haukutosha. Hoja nzima iligeukia nani aliandika nini, lini, na mwenzake alijibu nini.

Kajiado, kaunti yenye Matasia, Ngong na Kitengela, nayo ina historia yake katika somo hili. Wamaasai waliwahi kwenda mahakamani kupinga kuhamishwa kutoka Laikipia kwenda hifadhi ya kusini. Mwaka 1913 mahakama, katika kesi ijulikanayo kama Ol le Njogo, iliamua kwamba mapatano ya 1904 na 1911 yalikuwa mikataba kati ya dola na dola, kwa hiyo mahakama ya nchi haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Wamaasai waliambiwa ni taifa lenye mamlaka yake siku ileile waliyonyimwa nafasi ya kusikilizwa. Wanafunzi wa sheria ya kimataifa wanaisoma kesi hiyo hadi leo. Mwanazuoni aliyeishi Matasia, katika nchi ileile ya Wamaasai, akiwa na faili la maelezo ya wazee kuhusu uhamisho huo, ameacha kitu ambacho hakitapatikana kwa mwingine.

Hatari kubwa zaidi

Mchwa hula karatasi, lakini familia inayopenda usafi huharibu zaidi. Mtoto mwenye nia njema hupanga barua zote kwa tarehe, picha zote upande mmoja, vitabu vyote rafuni, na kufikia jioni hakuna anayeweza kujua tena barua ipi ilikuwa ndani ya faili gani, wala picha ipi iliambatana na hotuba ipi. Wahifadhi wa nyaraka duniani kote hufuata kanuni mbili: karatasi za mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine, na mpangilio aliouacha mwenyewe hauvunjwi bila sababu. Hata rundo linaloonekana ovyo huwa na maana. Daftari la mkutano wa sheria ya bahari wa Caracas, 1974, likikutwa limelaliwa na barua za wavuvi wa Malindi, ujirani huo peke yake unaeleza alichokuwa akikifikiria.

Hatua ya 1: Picha kabla ya kugusa

Simu ya kawaida inatosha. Kila rafu ipigwe picha kuanzia kushoto kwenda kulia, kila droo ikiwa wazi, kila katoni kwa juu kabla ya kutolewa kitu. Kikaratasi chenye maandishi kama "Rafu A, kushoto" kiwekwe ndani ya picha. Picha zote zinakiliwe mahali pengine siku hiyohiyo, maana simu huibwa na huanguka.

Hatua ya 2: Nani ana haki ya kutoa

Mwenyewe akiwa hai, kazi ni rahisi mara kumi. Aulizwe akiwa na nafasi, picha moja moja, na sauti irekodiwe: "Mzee, huyu aliyesimama kushoto kwako ni nani?" Swali kama hilo hufungua hadithi ya saa nzima. Lakini "Hizi karatasi zako tuzipeleke wapi?" humfanya afunge kabati na kuweka ufunguo mfukoni.

Akiwa amefariki, karatasi ni sehemu ya mirathi. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu asiye na mamlaka kujiingiza katika mali ya marehemu. Kwa hiyo kinachotakiwa ni wosia uliothibitishwa au barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kikao cha familia na baraka za wazee huzuia ugomvi, hasa palipo na nyumba mbili, lakini hifadhi itataka sahihi ya msimamizi wa mirathi.

Wakati shauri la mirathi likiendelea, hakuna kinachozuia karatasi kulindwa pale zilipo: kuinuliwa kutoka sakafuni, kufunikwa, kupigwa picha. Kuzigawa, kuziuza au kuzitoa nje ya nyumba kungoje.

Hatua ya 3: Chumba cha kazi

Stoo ya mabati haifai. Mchana huwa moto, usiku baridi, na alfajiri bati hutoa jasho linalodondoka. Matasia ina upepo wa vilima vya Ngong unaoleta vumbi Januari na Februari, ukungu wa baridi Julai, na mvua kati ya Machi na Mei kisha Oktoba hadi Desemba. Kitengela ina udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, na nyufa za sakafu ni njia ya mchwa.

Chumba kinachofaa ni cha ndani, kisichopigwa na jua la mchana, na kisicho chini ya tangi la maji. Jambo la tangi husahaulika sana: nyumba nyingi zina tangi juu ya dari, na bomba likipasuka usiku, rafu ya chini yake ndiyo ya kwanza kulowa. Masanduku yawekwe juu ya mbao, sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, na yasigusane na ukuta. Pazia liwe zito. Chai na chakula vibaki nje, kwa sababu chembe za maandazi huita mende, na mende hupenda gundi ya majalada.

Hatua ya 4: Kutenga karatasi zenye wadudu na ukungu

Karatasi zenye njia za udongo za mchwa, mashimo madogo, au madoa ya kijani na meusi ziwekwe kando mara moja ndani ya mfuko wa plastiki.

1. Zilizolowa zikaushwe kivulini penye hewa, zikiwa zimetandazwa. Juani hukunjamana na kupauka.
2. Ukungu usipanguswe ukiwa mbichi, maana husambaa. Ukishakauka kabisa, upanguswe kwa brashi laini nje ya nyumba, anayefanya kazi akiwa amevaa barakoa na glavu.
3. Wadudu huuawa kwa baridi. Karatasi kavu zifungwe kwenye plastiki isiyopitisha hewa, zikae kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili, kisha zitolewe na kuachwa zipate joto la chumba mfuko ukiwa bado umefungwa. Mfuko ukifunguliwa mapema, unyevu wa hewa hugeuka maji juu ya karatasi.
4. Picha, filamu, kanda za sauti na disketi zisitiwe ndani ya friza hilo.

> ONYO. Dawa ya kupulizia wadudu, mafuta ya taa na unga wa mchwa visiguse karatasi. Huacha mafuta na sumu ambayo msomaji wa miaka ishirini ijayo ataishika kwa mikono mitupu. Chumba kinaweza kupigwa dawa na fundi karatasi zikiwa zimeondolewa.

Hatua ya 5: Kuchambua

Hapa ndipo familia hukosea kwa namna mbili zinazopingana: wengine hutunza kila kitu, wengine hutupa kila kisichoonekana cha maana. Kwa mwanasheria wa kimataifa mtihani ni mgumu kuliko kwa watu wengine, kwa sababu karatasi zinazoonekana za fahari, zenye nembo ya bluu ya Umoja wa Mataifa na chapa nzuri, mara nyingi ndizo zisizo na upekee. Zilipigwa chapa kwa mamia na zimo kwenye maktaba za Geneva na New York. Karatasi chafu ya njano yenye maneno matano ya kalamu ya risasi inaweza kuwa pekee duniani.

Upekee hutambuliwa kwa alama ya waraka, ile mistari ya herufi na nambari kwenye kona ya juu kulia.

> KISANDUKU: Kusoma alama za nyaraka za Umoja wa Mataifa
>
> A/CN.4: Tume ya Sheria ya Kimataifa.
>
> A/AC.138: Kamati ya Sakafu ya Bahari, iliyotangulia mkutano mkuu wa sheria ya bahari.
>
> A/CONF.62: Mkutano wa Tatu wa Sheria ya Bahari, 1973 hadi 1982.
>
> Herufi L ndani ya alama: waraka uliogawiwa kwa wachache, mara nyingi rasimu au pendekezo. Huwa umehifadhiwa kwingine.
>
> WP au CRP ndani ya alama: karatasi za kazi za chumba cha mkutano. Nyingi hazikuhifadhiwa kwa ukamilifu. Zitunzwe zote.
>
> Bila alama yoyote: waraka usio rasmi, uliopitishwa mkono kwa mkono. Uwekwe mahali pa heshima kuliko vyote.

Umuhimu wa nyaraka zisizo na alama unaonekana katika historia ya mkutano huo wa A/CONF.62. Mengi yalijadiliwa kwenye vikundi visivyo rasmi, kimojawapo kikiongozwa na Jens Evensen wa Norway, na vikao vya namna hiyo havikuandikiwa muhtasari rasmi. Mtafiti wa Ujerumani, Renate Platzöder, alizikusanya karatasi za aina hiyo na kuzichapisha katika majuzuu kumi na manane. Hata kazi kubwa kama hiyo haiwezi kuwa na kila kikaratasi kilichorudi nyumbani ndani ya mkoba wa mjumbe mmoja wa Afrika.

Nairobi nayo imekuwa mahali pa mikutano ya namna hiyo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa hapa na wakuu wa nchi Juni 1981, na maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai yaliafikiwa hapa tarehe 22 Mei 1992. Mwanasheria wa Matasia hakuhitaji pasipoti ili kuwa shahidi wa mambo hayo, na daftari zake za miaka hiyo zisomwe kwa makini kabla ya kuhukumiwa.

Kwa vitendo, karatasi hugawanyika hivi:

- Hutunzwa bila swali: rasimu za makala na mikataba, daftari za mikutano, barua zilizopokelewa pamoja na nakala za zilizotumwa, maelezo ya mihadhara, shajara, picha zenye watu, hotuba zenye masahihisho ya mkono, nyaraka zisizo na alama.
- Hutunzwa zikiwa na maandishi ya mkono: vitabu, majarida, nyaraka rasmi zilizochapwa. Kurasa zote zifunguliwe, kwa maana maelezo huwa katikati, na barua hujificha humo kama alama ya ukurasa.
- Zinaweza kuachwa: nakala ya pili na ya tatu ya kitu kilekile, risiti za stima na maji, majarida kamili yasiyoandikwa kitu, kadi za mialiko ya harusi.
- Huulizwa kwanza: chochote ambacho wawili wanabishania. Kisitupwe. Kipelekwe hifadhini na mhifadhi aamue.

Hakuna kinachotupwa siku ya kwanza. Rundo la kuachwa likae kwenye katoni lake hadi orodha ikamilike, kisha lipitiwe na mtu mwingine. Likithibitika halifai, lichanwe au lichomwe, lisiuzwe. Karatasi za kilo Kiserian na Ngong huishia kufungia njugu na nyama, na barua yenye jina la mtu na siri zake haina kazi huko.

Hatua ya 6: Kuondoa vyuma na kutia kwenye folda

Pini, klipu na vyuma vya stepla hushika kutu na kula karatasi. Vitolewe polepole, stepla ikinyooshwa kwa nyuma kwa kisu butu kabla ya kuvutwa. Mipira ya kufungia iliyoyeyuka iachwe ilipogandia, mhifadhi ataishughulikia. Kurasa zilizokuwa zimeshikanishwa zibaki pamoja ndani ya karatasi safi iliyokunjwa kama jalada.

Selotepu isitumike kabisa, hata kwa ukurasa uliochanika vipande viwili. Gundi yake hugeuka kahawia na kuondoka na maandishi. Vipande viwekwe tu pamoja.

Karatasi za aina tatu zinahitaji uangalifu wa pekee. Nakala za kaboni, zile nyembamba zinazoonyesha mkono kwa upande wa pili, hupasuka kwa kuguswa. Zishikwe kwa kuwekewa karatasi nene chini yake. Karatasi za gazeti zina asidi inayochafua jirani yake, kwa hiyo vipande vya magazeti vitenganishwe kwa karatasi nyeupe. Faksi za miaka ya 1980 na 1990 ni za karatasi inayong'aa ambayo maandishi yake hufifia hadi kupotea. Kazi ya faksi ianze kabla ya kila kitu: zitolewe nakala kwenye karatasi ya kawaida au zipigwe picha, asili nayo ibaki gizani. Mwanasheria wa miaka hiyo aliandikiana na Geneva kwa faksi, na barua nzima inaweza kuwa tayari imegeuka ukurasa mtupu.

Kila folda iandikwe kwa kalamu ya risasi. Wino husambaa maji yakiingia.

Hatua ya 7: Orodha

Orodha ndiyo itakayomwezesha mtafiti wa Dodoma au Kampala kujua kilichomo bila kupanda matatu hadi Ngong. Haihitaji ustadi. Kwa kila folda yaandikwe nambari ya sanduku, nambari ya folda, mahali ilipokutwa, mada, mwaka wa kwanza na wa mwisho, na hali yake. Mfano:

> Sanduku 4, folda 11. Ilikutwa rafu B, kulia. Barua na rasimu kuhusu bahari, Geneva, Julai hadi Agosti 1972. Kurasa 60 hivi. Nusu ni nakala za kaboni. Maandishi ya kalamu ya risasi pembezoni, herufi za mwenyewe. Ukurasa mmoja umechanika.

Kichwa alichokiandika mwenyewe juu ya faili kinakiliwe jinsi kilivyo, hata kikiwa na kosa la herufi au neno la utani. Familia ikidhani "Mambo ya Ndugu Zetu" ni kichwa kisichofaa na kuandika "Mahusiano ya Afrika Mashariki", imefuta maoni ya mwanazuoni juu ya majirani. Tarehe isiyojulikana iandikwe kama makisio, kwa alama ya kuuliza.

Hatua ya 8: Disketi, kompyuta na barua pepe

Kompyuta ya zamani isiuzwe wala kusafishwa na fundi. Disketi za inchi tano na robo na za inchi tatu na nusu zifungwe pamoja na kuandikwa zilikokutwa. Kusomwa kwake ni kazi ya wenye vifaa. Mtu akitaka kujaribu mwenyewe, kwanza disketi izuiwe kuandikwa juu yake. Nywila za barua pepe zitafutwe mapema, kabla akaunti haijafungwa kwa kukaa bila kutumiwa, na ni msimamizi wa mirathi anayestahili kufanya hivyo.

Hatua ya 9: Mambo ya siri

Sehemu hii isiachiwe watoto wa shule waliokuja kusaidia likizoni. Karatasi za aina nne zinaweza kumdhuru mtu aliye hai.

Ya kwanza ni mafaili ya serikali. Faili lenye jalada la wizara, nambari na muhuri wa siri ni mali ya umma hata kama lilikaa nyumbani miaka arobaini. Lisifunguliwe kwa wageni, lisipigwe picha za kusambazwa, na Hifadhi ya Taifa iarifiwe. Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, huruhusu kwa kawaida kumbukumbu za umma kusomwa baada ya miaka 30. Uamuzi huo si wa familia.

Ya pili ni karatasi za wateja. Wanazuoni wengi pia ni mawakili, na aliyoambiwa wakili na mteja wake hubaki siri hata baada ya kifo. Mafaili hayo yatengwe bila kusomwa, na wakili aliyerithi ofisi au Chama cha Wanasheria cha Kenya kiulizwe.

Ya tatu ni ushuhuda wa wakimbizi na mashahidi. Mtu aliyesimulia jinsi alivyovuka mpaka, au aliyoyaona Januari 2008, anaweza kuwa bado yuko hatarini, na jamaa zake pia. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, haikuchapisha majina ya washukiwa: yalitiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, mpatanishi Kofi Annan akakabidhiwa Oktoba 2008, naye akaipeleka kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Julai 2009. Familia yenye maelezo ya mashahidi ifuate mfano huo: bahasha ifungwe, iandikwe nje aina ya kilichomo bila majina, na iwekewe mwaka wa kufunguliwa. Kuchoma ni kosa kubwa karibu sawa na kuchapisha.

Ya nne ni za kawaida zaidi: alama za wanafunzi, barua za kuwapendekeza kazini, vyeti vya hospitali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu walio hai, na hifadhi zinajua jinsi ya kuzifunga kwa muda.

Hatua ya 10: Kuchagua hifadhi

Hifadhi ya Taifa ya Kenya iko katika barabara ya Moi, Nairobi, karibu na sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya. Ndani yake umo mkusanyiko wa Joseph Murumbi, Waziri wa Mambo ya Nje na kisha Makamu wa Rais mwaka 1966, ambaye mama yake alikuwa Mmaasai. Maelfu ya vitabu vyake na barua zake zipo hapo na zinasomwa. Nyumba yake ya Muthaiga ilibomolewa. Huo ni ushahidi wa kutosha kwa familia zinazopanga kugeuza sebule ya marehemu kuwa makumbusho: nyumba hurithiwa, huuzwa, hugawanywa, na makumbusho ya ukoo hudumu kadiri ya maisha ya binti mmoja mwenye bidii.

Maktaba ya chuo kikuu alichofundisha ni chaguo la pili, na kwa karatasi za mihadhara huenda ni la kwanza. Hifadhi za ng'ambo zina fedha na vifaa. Karatasi za Mboya mwenyewe, ambaye sanamu yake imesimama barabarani hapo, ziko Hoover Institution, Stanford, California. Zimetunzwa vizuri, na mwanafunzi wa Homa Bay hazifikii bila viza. Familia ikiamua kupeleka nje, idai nakala za kidijitali kwa taasisi ya Kenya, na jambo hilo liandikwe kwenye hati.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali:

- Karatasi zitakaa jengo gani, na lina ulinzi gani dhidi ya moto na maji?
- Orodha itafunguliwa kwa wasomaji baada ya muda gani?
- Wasipotaka kitu fulani, watakirudisha kwa familia au watakiharibu?
- Mkusanyiko utabaki pamoja chini ya jina la mwenyewe?

Hatua ya 11: Hati ya kukabidhi

Kutoa karatasi na kutoa hakimiliki ni vitu viwili tofauti. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi, na hubaki kwa warithi isipokuwa wameitoa kwa maandishi. Barua alizoandikiwa na wengine ni hakimiliki ya hao wengine, hata kama karatasi ni za familia. Hati itaje: nani anatoa, nani anapokea, orodha iliyoambatishwa, nani ana hakimiliki, folda zipi zimefungwa na hadi mwaka gani, na familia itaruhusiwa vipi kuja kusoma. Masharti ya "zifungwe milele" hukataliwa na hifadhi nyingi, na kwa haki: hakuna anayelipia rafu ya kitu kisichosomwa na yeyote. Mwaka maalumu hukubalika.

Kabla ya gari kuitwa, yafuatayo yawe tayari:

- [ ] Picha za rafu na droo zote, nakala mbili
- [ ] Barua za usimamizi wa mirathi au wosia uliothibitishwa
- [ ] Orodha ya folda, imesomwa na mtu wa pili
- [ ] Nakala za faksi zote
- [ ] Mafaili ya serikali na ya wateja yametengwa
- [ ] Bahasha za mashahidi zimefungwa na kuandikwa mwaka
- [ ] Hati ya kukabidhi, sahihi za pande zote mbili

Hatua ya 12: Safari

Katoni za duka ziwe ndogo, za kubebwa na mtu mmoja. Katoni kubwa la karatasi huvunjika chini, na daima kwenye ngazi. Kila moja ijazwe hadi karibu na juu, ili folda zisilale, na iandikwe nambari pande mbili. Pikapu iwe na turubai hata siku ya jua kali, kwa kuwa mvua ya Karen na Dagoretti haipigi hodi. Mtu wa familia asafiri na mzigo. Dereva akisimama Kiserian kunywa chai, mtu huyo wa familia abaki garini.

Hifadhini, masanduku yahesabiwe mbele ya anayepokea na nambari zilinganishwe na orodha moja moja. Risiti ionyeshe idadi ya masanduku, tarehe, jina na cheo cha aliyepokea, na nambari ya kupokelewa ambayo mkusanyiko utajulikana nayo hadi utakapopangwa rasmi. Nambari hiyo inakiliwe kwenye nakala ya orodha inayobaki nyumbani. Kupangwa kwaweza kuchukua miaka kadhaa. Katika muda huo mhifadhi ataleta maswali, mengi yakiwa kuhusu herufi zisizosomeka na majina ya utani, na familia imchague mapema mtu mmoja wa kuyajibu, ikiwezekana yule aliyezoea mwandiko wa mzee.